Mawe Manne ya Tarbaj



Ijumaa iliyopita, mara tu baada ya sala ya alfajiri, simu yangu ililia. Namba ya Marekani. Kwetu ni Ijumaa asubuhi, kwa aliyenipigia bado ni Alhamisi usiku: ametoka kazini, amekula, wajukuu wamelala. Alikuwa adeer wangu, mdogo wake marehemu baba, anayeishi Minneapolis. Tukasalimiana zile salamu zetu ndefu, habari za mvua, habari za ngamia, nani kaoa, nani katangulia mbele ya haki. Kisha akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Maandeey, yale mawe yangu manne bado yapo?"

Maandeey ndilo jina alilonipa utotoni, na analitumia anapokuwa na jambo zito.

Mawe manne ni mipaka ya ploti yake Tarbaj. Kwa usiyeifahamu, Tarbaj iko kaunti ya Wajir, ukitoka Wajir mjini ukiifuata barabara ya Kotulo, El Wak na hatimaye Mandera. Hadi uchaguzi wa 2013 ilikuwa sehemu ya eneo bunge la Wajir Mashariki, ndipo ikapata mbunge wake wa kwanza, Mohamed Elmi, yule aliyekuwa waziri wa Kaskazini mwa Kenya. Adeer aliyaweka mawe yale kabla hajaondoka nchini, miaka ya tisini. Aliwaambia jamaa kwamba atakwenda kutafuta riziki, na akizeeka atarudi kujenga hapo, nyumba ya mawe yenye veranda inayotazama mashariki, na tangi kubwa la kuvuna maji ya mvua. Miaka thelathini imepita. Veranda ile ameichora mara nyingi kwenye karatasi, nami ninazo picha tatu alizonitumia kwa simu, kila moja imeongezewa chumba.

Sasa wakati umefika. Kwa mujibu wa karatasi zake adeer alizaliwa tarehe 1 Januari 1960. Wazee wetu wengi walioko ng'ambo walizaliwa tarehe 1 Januari, kwa sababu aliyezaliwa porini, familia ikifuata malisho, anaujua mwaka wake kwa jina la ukame au la mvua, na karani wa ng'ambo anataka tarehe. Basi Januari 2027 anatimiza miaka 67, umri ambao mtu wa rika lake tayari anastahili pensheni kamili ya serikali ya Marekani. Na tarehe 10 Agosti 2027, miezi saba baadaye, sisi hapa tunapiga kura.

Hapo ndipo penye swali lake. Mawe yalikuwa mlango tu wa kuingilia. Alichotaka kuniuliza ni hiki: je, arudi?

Nataka tulizungumze jambo hili polepole, kwa sababu adeer hayuko peke yake. Kuna wazee wa Tarbaj, wa Eldas, wa Habaswein, wa Modogashe, wako Minneapolis, Columbus, London, Leicester na Toronto. Kwa vitabu vya serikali ya Marekani, adeer ni mwananchi anayepanga kwenda kustaafu nchi ya nje. Nchi hiyo ya nje ni Tarbaj. Kwa vitabu vyetu sisi, kwa miaka mingi alikuwa mgeni anayeomba kuingia. Mpango wa uzee wake umekaa katikati ya siasa za nchi mbili, na kila upande ukibadilika, yeye hulazimika kuanza hesabu upya.

Tuanze na huko aliko. Desemba 2025, rais wa Marekani, Donald Trump, alisema hadharani kwamba hawataki Wasomali nchini mwake. Siku hizo hizo maafisa wa uhamiaji wa serikali kuu wakaanza misako Minneapolis. Kabla ya hapo, Juni 2025, Trump alikuwa ametia saini amri ya kuzuia watu wa nchi 12 kuingia Marekani, na Somalia ikiwemo. Kenya haimo katika orodha hiyo. Lakini afisa aliyesimama barabarani akimtazama adeer haoni Tarbaj usoni mwake. Anaona Msomali. Adeer ni raia wa nchi ile tangu 2003, amelipa kodi tangu alipoanza kazi kwenye kiwanda cha nyama, na bado siku hizi anatembea na pasipoti mfukoni, hata akienda msikitini.

Aliponiambia hivyo nilikosa la kusema. Maana yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia, nilipokuwa mdogo, habari ya kadi ya waridi.

Wenzetu vijana hawaijui kadi hii, na ni lazima waijue. Novemba 1989 serikali ya Kenya ilitoa notisi kwamba kila Mkenya wa asili ya Kisomali aliyefikisha miaka 18 aende kupigwa msasa. Ukiwa na kitambulisho cha taifa, hakikutosha. Ulikwenda ukakaa kwenye foleni, ukaulizwa babu yako, ukoo wako, kisima chenu, chifu wenu. Ukifaulu, unapewa kadi nyingine ya rangi ya waridi, ya kuthibitisha kwamba kile kitambulisho cha kwanza hakikuwa uongo. Ukishindwa, unanyang'anywa ulichokuja nacho, na wapo waliosukumwa hadi ng'ambo ya mpaka. Adeer alifaulu. Akatembea na kadi mbili mfukoni, Wajir, mji aliokulia. Ilikuwa ni miaka mitano tu tangu mauaji ya Februari 1984, uwanja wa ndege wa Wagalla, na sina haja ya kueleza zaidi ya kulitaja jina hilo kwa msikilizaji wa Wajir.

Kwa hiyo mtu huyu alibeba karatasi mfukoni akiwa kijana hapa, na sasa anabeba karatasi mfukoni akiwa mzee kule. Anapouliza kama arudi, anauliza ni wapi atakapoweza kwenda msikitini mikono mitupu.

Alipoapa kuwa raia wa Marekani mwaka 2003, katiba yetu ya zamani ilimvua uraia wa Kenya papo hapo. Hakuna aliyemwandikia barua. Aligundua alipokuja kumzika mama yake, akagongewa muhuri wa mgeni pale uwanja wa Jomo Kenyatta na kuhesabiwa siku za kukaa. Alimzika mamake kwa visa.

Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 ndiyo iliyofungua njia. Kifungu cha 16 kinasema Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia kwa kuchukua wa nchi nyingine. Kifungu cha 14 kinasema aliyekwisha kuupoteza kwa njia hiyo ana haki ya kurudishiwa akiomba. Ana haki, hakikusema afikiriwe. Katika mambo yote yaliyotokea Kenya tangu adeer aondoke, hakuna lililougusa uzee wake kama mistari hiyo michache. Bila hiyo angekuwa mtalii katika ardhi ya baba yake: siku 90, kisha aombe tena. Tena asingeweza kumiliki ardhi isipokuwa kwa kukodi, na mwisho ni miaka 99, kwa kuwa kifungu cha 65 ndivyo kinavyomwekea mpaka asiye raia.

Haki kuandikwa ni jambo moja, kuipata ni jingine. Maafisa wanataka namba ya kitambulisho cha zamani, au cheti cha kuzaliwa. Cheti cha nani, aliyezaliwa nyuma ya ngamia? Ofisi moja ilimrudisha mara tatu. Mara ya nne akapeleka nakala iliyochakaa ya ile kadi ya waridi, na hiyo ndiyo iliyokubaliwa. Kadi aliyopewa kwa kudhaniwa si Mkenya ndiyo iliyothibitisha kwamba ni Mkenya. Ninalisema hili kwa uchungu, na pia kwa wosia: mama, baba, usitupe karatasi ya serikali hata ikiwa ni ya kukudhalilisha. Ifunge kwenye plastiki, uiweke sandukuni.

Sasa pesa. Watu wengi hudhani mtu aliyefanya kazi Marekani au Uingereza akistaafu ana pesa, basi aje tu. Hebu tutazame.

Adeer amefanya kazi zaidi ya miaka kumi, na kumi ndiyo kiwango cha chini cha kupata pensheni ya serikali kule. Yeye ni raia, hivyo akiishi Tarbaj italipwa. Bima yake ya matibabu, ile wanayoiita Medicare, haimfuati. Mwisho wake ni mpaka wa Marekani. Akiugua moyo Tarbaj, ni kupelekwa Wajir, na ikizidi ni ndege ya Nairobi kwa pesa yake, au ajisajili kwenye mpango wetu mpya wa afya ya jamii ulioichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024.

Lakini yuko dada yake, eddo wangu. Huyu alifika Marekani akiwa mtu mzima sana, hakufanya kazi miaka kumi. Anaishi kwa ruzuku ya wazee wasio na kipato, na ruzuku ile hukatwa ukikaa nje ya nchi siku 30 mfululizo. Eddo anaitamani Tarbaj kuliko adeer. Ndiye anayelia kwenye simu akisikia sauti ya mbuzi nyuma yangu. Naye ndiye asiyeweza kurudi, kwa sababu chakula chake kimefungwa kwa kamba ya siku thelathini. Na mwenye kibali tu cha kuishi, yule asiye raia, akikaa nje zaidi ya mwaka mmoja bila ruhusa maalumu, anakuwa hatarini kukipoteza kibali chenyewe.

Walioko Uingereza wana shida ya namna nyingine. Pensheni ya serikali ya kule hupandishwa kila mwaka kadiri maisha yanavyopanda, lakini ukihamia Kenya inagandishwa pale pale ilipokuwa siku uliyoondoka. Ukiondoka na miaka 67, ukifika 85 unapokea kiasi kile kile, na unga wa Wajir hausubiri mtu.

Kisha njia ya pesa yenyewe. Novemba 2001, baada ya mashambulizi ya New York na Washington, Marekani iliifunga kampuni ya hawala ya Al-Barakaat, na familia nyingi upande huu wa dunia zikakaa bila sahani. Tarehe 2 Aprili 2015, magaidi wakaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao watoto wa watu waliokuja kusoma katika mji huu wetu, Mwenyezi Mungu awape faraja wazazi wao. Siku chache baadaye serikali yetu ikasimamisha leseni za kampuni 13 za hawala, Dahabshiil ikiwemo. Zilifunguliwa Juni. Kuanzia Aprili hadi Juni, ajuza wa Tarbaj aliyekuwa akingoja dola mia ya mwanawe alilipia kosa lisilo lake. Na tangu tarehe 1 Januari 2026, Marekani inatoza asilimia moja ya pesa zinazotumwa nje kwa fedha taslimu. Atakayetuma kutoka akaunti ya benki hatozwi. Wewe mwenye mzee kule, mwambie hilo leo. Dola tatu katika kila mia tatu, kwa miaka ishirini ya uzee, ni mbuzi kadhaa.

Nyumbani nako kumebadilika, na tuseme kweli, kwa mengi kumebadilika kwa uzuri. Ugatuzi umetufikia. Lami ya kwanza katika mitaa ya Wajir ililetwa na serikali ya kaunti, nusu karne baada ya uhuru. Barabara kuu ya kutoka Isiolo hadi Mandera, inayopita Tarbaj, imeanza kujengwa, ingawa al-Shabaab wameihujumu mara kwa mara, na hatusahau abiria wa basi waliouawa karibu na Kotulo Desemba 2019. Na tarehe 5 Februari 2025, Rais William Ruto alikuja Wajir akatia saini tamko la kuondoa ule msasa wa ziada katika kutoa vitambulisho kwa watu wa maeneo ya mpakani. Nilikuwa katika umati. Wanawake walipiga vigelegele, na nami machozi yalinitoka, sioni haya kukiri.

Adeer alilisikia tamko lile akiwa kazini. Akanipigia usiku ule ule, lakini hakushangilia. Akaniuliza, "Ni sheria, au ni tamko?"

Nikamwambia ni tamko.

"Haya," akasema, "na ule msasa wa 1989 ulikuwa sheria?"

Nimelifikiria swali hilo mwaka mzima. Msasa wa 1989 haukuletwa na sheria mpya iliyojadiliwa bungeni. Uliletwa na notisi, chini ya Sheria ya Usajili wa Watu ambayo huwapa maafisa mamlaka ya kumdai mtu ushahidi zaidi. Karatasi moja ikauleta, karatasi moja ya 2025 ikauondoa, na Bunge katika hayo yote mawili halikuhesabu kura hata moja. Na sheria ile yenye mamlaka yale bado ipo. Rais mwingine, baada ya shambulio jingine, Mungu apishe mbali, hahitaji zaidi ya kalamu kuurudisha.

Si hilo tu. Machi 2015, Rais Uhuru Kenyatta alisimama mbele ya Bunge akaomba radhi kwa dhuluma zilizopita, Wagalla ikiwa miongoni mwao, akaahidi mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa. Wajane wa Wagalla wamezeeka wakiusubiri. Kwao hilo nalo lilikuwa neno la rais, tena lililosemwa ndani ya Bunge lenyewe.

Ninawaomba wabunge wetu, wote wa Garissa, Wajir na Mandera, walisikie hili kabla ya kampeni kupamba moto. Mnapokwenda mikutanoni mkajisifu kwamba msasa umeondoka, jueni kuna wazee wanaosikiliza kutoka mbali wakiwa na kalamu mkononi. Mzee wa miaka 67 anapanga miaka 20. Siasa yetu inapanga mitano. Leteni mswada wa kurekebisha Sheria ya Usajili wa Watu, muandike wazi kwamba hakuna Mkenya atakayeulizwa zaidi ya mwenzake kwa sababu ya kabila, dini au mahali alipozaliwa. Katiba ya 2010 haikuja kama zawadi ya mtu mmoja jukwaani. Ilipigiwa kura, na ndiyo maana adeer anaiamini.

Yeye mwenyewe hana namna ya kuwashinikiza. Mwaka 2022 Wakenya wa Marekani waliruhusiwa kupiga kura, lakini ya urais peke yake, na vituo vilikuwa Washington, New York na Los Angeles. Kutoka Minneapolis ni safari ya ndege. Hata angesafiri, asingeweza kumchagua gavana wala mbunge wa Tarbaj, hao ambao kisima, zahanati na ardhi ya ploti yake viko mikononi mwao.

Na ardhi ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Karatasi aliyonayo adeer ni barua kutoka kwa baraza la zamani, lililokwisha 2013 kaunti zilipoanza. Tarbaj ni ardhi ya jamii. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka jamii ijisajili, ichague kamati, ardhi ipimwe, ndipo hati itoke. Kabla ya hapo, kaunti inaishika kwa amana. Barabara ya lami inapokaribia, ploti zinaanza kuota miguu. Kila uchaguzi huja na watu wapya wanaogawa walichogawa wenzao.

Kwa hiyo Jumapili nilikwenda. Nilifika Tarbaj kabla ya adhuhuri. Nikaanza kwenye mgunga mkubwa, nikahesabu hatua kama adeer alivyonielekeza. Jiwe la kwanza lipo, la pili lipo, limeota nyasi. La tatu mbuzi wamelifanya kiti. La nne halikuonekana. Mahali pake pana rundo la kifusi.

Nikampigia. Kwao ilikuwa usiku wa manane, lakini alipokea kabla ya mlio wa pili. Nikamwambia ukweli. Akakaa kimya, kisha akasema, "Tafuta jiwe jingine, Maandeey, uliweke."

Nikakataa. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kumkatalia. Nilimwambia, adeer, nikiliweka peke yangu leo, kesho mwingine ataliondoa peke yake. Nimeongea na mzee wa kijiji na majirani wa pande zote. Watakuja na vijana wawili wa kamati ya ardhi inayoundwa, tutapima kwa kamba, tutaandika, kila mmoja atatia sahihi au kidole, na nakala moja itabaki kwa chifu.

Tumekubaliana ni Alhamisi ijayo, saa tatu asubuhi, chini ya ule mgunga. Adeer amesema hatalala. Atakuwa kwenye simu kwa sauti ya juu ili wote wamsikie, na eddo atakuwa ameketi kando yake.